UZI: Uhuru Park ya Nairobi, ilivyoanza, ilivyoponea chupuchupu na vilivyomo ndani yake

Kivulini (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Jina la Uhuru Park likitajwa humu, maneno huishia kwenye mikutano ya siasa: nani alijaza, nani alipwaya. Leo nataka tuizungumzie bustani yenyewe, ardhi yake, ziwa lake, sanamu zake, na watu walioitetea hadi wakapigwa virungu. Hoja yangu naiweka mbele ili asiye na muda wa kusoma yote aondoke nayo: bustani hii haikuokolewa na ukuta wala na hati. Imeokolewa na watu walioizoea. Kwa hiyo swali la milango yake kuwa wazi au kufungwa ni zito kuliko swali la maua gani yapandwe.

Kwa wasiowahi kufika: Uhuru Park imepakana na katikati ya jiji, upande wa magharibi wa Uhuru Highway. Kaskazini yake ni Kenyatta Avenue, kusini ni Haile Selassie Avenue, na nyuma yake ardhi inapanda kuelekea Upper Hill. Ukubwa wake ni hekta 12.9, kama ekari 32 hivi. Ukivuka Kenyatta Avenue unaingia Central Park, ambako kuna mnara wa Nyayo uliojengwa 1988, miaka 10 baada ya Rais Daniel arap Moi kushika madaraka: mkono ulioshika rungu ukichomoza kwenye kilele cha Mlima Kenya.

Uzuri mkubwa wa mahali hapa ni mteremko. Ukikaa kwenye nyasi za juu, jiji zima limesimama mbele yako, KICC (jengo la mikutano ya kimataifa) na majengo mengine marefu, na Bunge liko ng'ambo tu ya barabara. Hakuna kiingilio cha kuona mandhari hayo. Mfanyakazi anayeshuka kwa miguu kutoka Upper Hill kwenda kupanda matatu mjini anayaona, na mtu aliyekuja mjini kutafuta kibarua akakikosa anayaona vilevile akiwa amejilaza kwenye nyasi.

Hilo la kujilaza si dogo ukijua mji huu ulivyozaliwa. Nairobi ilianza 1899 kama kituo cha reli, na utawala wa kikoloni ukaigawa kwa rangi: Wazungu magharibi kwenye miinuko yenye hewa, Wahindi Ngara na Parklands, Waafrika wakasukumwa mashariki. Barabara zinazoizunguka bustani leo zilikuwa na majina ya wenyewe. Uhuru Highway ilikuwa Princess Elizabeth Way, Kenyatta Avenue ilikuwa Delamere Avenue, Haile Selassie ilikuwa Whitehouse Road. Kwa hiyo Mzee Jomo Kenyatta alipoifungua bustani hii kwa umma tarehe 23 Mei 1969, si miti na viti tu vilivyokuwa vinafunguliwa. Mtu wa mitaa ya mashariki kama Makadara au Bahati alikuwa anapewa pa kukaa na watoto wake upande ule wa mji, mchana kweupe, bila kuulizwa kipande, kile kitambulisho cha enzi ya ukoloni, wala anafanya kazi kwa nani.

Vitu vya mwanzo mwanzo vinavyokumbukwa na wengi ni ziwa la kutengenezwa na boti zake. Kwa watoto wa Eastlands, Krismasi bila boti za Uhuru Park haikuwa imekamilika. Mnapanga foleni, mnavalishwa maboya, baba anapiga kasia huku mama amebaki ukingoni akishikilia viatu na mfuko wa chakula. Pembeni wapiga picha wana ubao wa sampuli, kila mmoja akiita wateja. Muuza aiskrimu hakosekani, na mtoto akirudi nyumbani bila uso kupakwa rangi ya simba au kipepeo hujua amepunjwa.

Kisha kuna uwanja mpana wa mikutano na jukwaa lake kuu. Papa Yohane Paulo wa Pili aliadhimisha misa hapa Mei 1980, akarudi Agosti 1985 kwa Kongamano la Ekaristi la kimataifa. Mahubiri ya saa ya chakula cha mchana yamekuwa sehemu ya bustani hii kwa miaka: mhubiri mmoja na spika yake, watu wa ofisini wakisikiliza na sandwichi mkononi, wengine wamelala kabisa.

Sasa nije kwa 1989, mwaka ambao tungeipoteza.

Chama cha KANU, kikiwa ndicho chama pekee nchini, kilikuwa kinamiliki gazeti la Kenya Times kwa ubia na Robert Maxwell, bwanyenye wa magazeti wa Uingereza. Ukaletwa mpango wa kujenga ndani ya Uhuru Park jengo la ghorofa 60: makao makuu ya chama, ofisi za gazeti, kumbi, maduka, maegesho ya magari 2,000 na sanamu kubwa ya Rais. KICC ndilo lililokuwa jengo refu kuliko yote Nairobi wakati huo, na hili lingelipita kwa zaidi ya mara mbili ya ghorofa zake. Gharama ilikadiriwa kuwa dola milioni 200 za Marekani, nyingi zikiwa za kukopwa nje.

Profesa Wangari Maathai na Green Belt Movement, shirika lake la kupanda miti, wakaanza kuandika barua. Aliandikia gazeti lenyewe, Ofisi ya Rais, tume ya jiji, mkuu wa mkoa, waziri wa mazingira, UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao Nairobi, hata balozi wa Uingereza, akiwauliza Waingereza kama wangekubali jengo la namna hiyo lisimamishwe ndani ya Hyde Park. Swali hilo lilikuwa zito kwa sababu halikuhitaji utaalamu. Kila aliyelisikia alijua jibu.

Majibu aliyopata yanajulikana. Wabunge walisimamisha shughuli za Bunge Novemba mwaka huo kumshambulia yeye na wenzake, wakiwaita kundi la wanawake walioachika. Ardhi ikaanza kuchimbwa mwezi huohuo. Alienda Mahakama Kuu kuomba zuio, kesi ikatupwa Desemba. Na tarehe 12 Desemba, Sikukuu ya Jamhuri, Rais alisema hadharani, palepale Uhuru Park, kwamba mwanamke anayefuata mila za Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Green Belt Movement ikafukuzwa kwenye ofisi za serikali ilizokuwa ikizitumia kwa miaka 10, wafanyakazi wakahamia nyumbani kwake.

Lakini barua zilikuwa zimeshafika. Wawekezaji wa nje na wakopeshaji wakaanza kuuliza maswali, na Januari 1990 wakajitoa. Mradi ukafa.

Nataka tulitazame jambo moja hapo. Mahakama haikuisaidia bustani, Bunge halikuisaidia, jiji lenyewe halikuisaidia. Kilichosaidia ni kwamba wakazi wa Nairobi walikuwa na miaka 20 ya kumbukumbu pale. Mwananchi aliyekuwa akiogopa kusema chochote kuhusu siasa aliweza kusema kwa sauti ya chini kwamba pale ndipo anapopumzikia. Wangari mwenyewe baadaye alieleza jinsi watu walivyokuwa wakimwandikia na kumnong'oneza. Msitu usiojulikana hauna watu wa kuunong'onea hivyo.

Miaka miwili baadaye bustani ikawalipa wananchi wake kwa namna nyingine. Tarehe 28 Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wengi wao wazee kutoka vijijini, walikwenda kwa Mwanasheria Mkuu kudai wana wao waachiliwe. Kisha wakaenda kukaa kwenye kona ya Uhuru Park kusubiri, wakiwa wamefunga kula. Kati yao alikuwa Mama Monica Wangu Wamwere, mama yake Koigi wa Wamwere, mmoja wa wafungwa hao. Wangari alikuwa nao. Watu wakaanza kumiminika, wengine wakasimama mbele ya umati na kusimulia mateso waliyopata vizuizini, mambo ambayo hayakuwa yakisemwa hadharani Kenya.

Machi 3 polisi wakaja na virungu na gesi ya kutoa machozi. Wangari alipigwa hadi akapoteza fahamu, pamoja na wengine watatu. Baadhi ya akina mama walivua nguo zao na kuwakabili polisi wakiwa uchi. Anayezijua jamii zetu anajua mama wa umri ule akikuvulia nguo amekupa laana gani, na kuna askari waliogeuza nyuso. Akina mama wakahamia Kanisa Kuu la All Saints, hatua chache tu kutoka pale, na hawakuondoka kwa takriban mwaka mzima, hadi wafungwa walipoachiliwa mwanzoni mwa 1993. Kona ile ndiyo inayoitwa Freedom Corner hadi leo.

Yaliyofuata mengi mnayakumbuka wenyewe, nitayapita haraka. Mwai Kibaki aliapishwa hapa 30 Desemba 2002 akiwa kwenye kiti cha magurudumu baada ya ajali. Januari 2008, baada ya uchaguzi uliovurugika, askari wa GSU, kikosi cha polisi cha kutuliza ghasia, waliizunguka bustani ili upinzani usiingie. Jiji zima liliona vikosi vikilinda nyasi tupu. Juni 2010 milipuko iliua watu kwenye mkutano wa maombi wa waliopinga rasimu ya katiba, na wengi wakajeruhiwa. Miezi miwili baadaye, Agosti 27, katiba yenyewe ilizinduliwa kwenye bustani hiyohiyo. Januari 2018 Raila Odinga alikula hapo kiapo cha "rais wa wananchi", na vituo vikubwa vya televisheni vikazimwa siku hiyo.

Wangari naye alirudi. Alifariki 25 Septemba 2011, na ibada ya mazishi yake ya kitaifa ilifanyika Uhuru Park tarehe 8 Oktoba. Jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugumaji, kwa sababu aliusia asikatiwe mti. Serikali ikampa heshima zote kwenye ardhi ambayo serikali ilimtukania.

Karibuni tuchangie. Wenye kumbukumbu za miaka ya 70 na 80 nawaomba hasa.

Mwana wa Pangani Tanga

Mkuu Kivulini, shukrani kwa uzi ulioshiba. Nina swali la mgeni. Pale ndipo bendera ya Kenya ilipopandishwa mara ya kwanza mwaka 1963? Nilipokuja Nairobi dereva wa teksi aliniuliza "Uhuru ipi?" nikabaki kumtazama tu.

Kivulini

Karibu sana ndugu yangu wa Tanga. Dereva alikuwa na haki ya kuuliza. Bendera ilipandishwa usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963 kule Uhuru Gardens, barabara ya Lang'ata, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson. Ni mahali pakubwa zaidi na mbali na katikati ya jiji. Uhuru Park ilikuja miaka mitano na nusu baadaye, na ni hii ya mjini. Ukimwambia dereva "Uhuru Park, pale Kenyatta Avenue" hatakupoteza.

Mama Wawili

Kaka Kivulini, historia umeieleza vizuri mno, lakini mimi nataka tuzungumze vitu vya ndani, maana mimi ndiye ninayekwenda pale na watoto wawili na mfuko wa nepi.

Kabla haijafungwa kwa ukarabati, tuseme ukweli, bustani ilikuwa imechoka. Maji ya ziwa yalikuwa na rangi ya kutisha. Choo ulikitafuta kwa mbali na ukikipata unatamani usingekipata. Viti vilivyokuwa na mgongo vilikuwa vya kuhesabu. Jioni taa hazitoshi, na mwanamke akipita peke yake kutoka mtaa wa Community kuelekea mjini alikuwa ameshika pochi kwa mikono miwili. Nyasi zikikanyagwa na mkutano mmoja mkubwa wakati wa mvua, mnakaa miezi mnatazama matope. Kwa hiyo waliposema wanakarabati mimi nilifurahi, na sioni haya kusema hivyo. Bustani inayotisha wanawake na watoto si ya umma, ni ya wanaume wenye nguvu.

Kivulini

Dada yangu, hapo umenena, na sitakupinga hata nukta. Ulichoandika ndiyo hesabu halisi ya bustani. Mtu akitaka kujua kama bustani ni ya umma asianze na sanamu, aanze na choo, taa na maji ya kunywa. Bila choo mama anakaa nusu saa na kuondoka. Bila kivuli mzee hafiki. Bila taa saa kumi na mbili jioni bustani inabadilisha wenyewe.

Ukarabati wenyewe ulianza 2021 chini ya NMS, ile idara iliyoundwa 2020 kusimamia baadhi ya kazi za kaunti ya jiji. Zilijengwa njia mpya za miguu, sehemu za watoto kuchezea, ukumbi wa wazi wenye ngazi za kukalia, chemchemi za maji, na ziwa likashughulikiwa. Mambo mazuri. Watoto wako wanahitaji pa kuchezea penye sakafu isiyowachubua magoti, na mtu wa kiti cha magurudumu anahitaji njia isiyo na vidato. Kwa miaka mingi hakuwa na njia.

Kilichoniuma ni mambo mawili. La kwanza ni muda. Milango ilifungwa kwa zaidi ya mwaka, kwa jiji zima kwa pamoja, badala ya kufunga kipande kimoja na kuacha kingine. Mtoto aliyekuwa na miaka minne anarudi akiwa amepitwa na umri wa bembea. La pili ni ushirikishwaji. Katiba iliyozinduliwa kwenye nyasi zile inataka wananchi washirikishwe kwenye mambo ya umma, na bustani hii ilistahili mikutano ya wazi kabla ya trekta la kwanza kuingia. Wapiga picha, wenye boti, wahubiri, wauza aiskrimu, akina mama kama wewe, hao ndio wanaojua kila pembe ina shida gani. Huwezi kumwuliza mchoraji wa ofisini choo kiwekwe wapi ukamwacha anayekitafuta na mtoto anayelia.

Mama Wawili

Hapo tumeelewana. Niongeze moja: miti mikubwa iachwe. Mche mpya ni mzuri kwa picha ya uzinduzi, lakini kivuli chake nitakikuta nikiwa nyanya.

Fundi Ramani

Heshima kwenu. Mimi nachangia upande wa ardhi, ndiyo kazi yangu. Uhuru Park haijawahi kuwa peke yake kwenye vita hivi, ila ndiyo inayojulikana.

Jeevanjee Gardens, katikati ya mji, ilitolewa na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee mwaka 1906 iwe bustani ya watu wote. Mwaka 1991 ukaja mpango wa kuijengea, na mjukuu wake Zarina Patel akasimama kuupinga, akiungwa mkono na wakazi wa jiji na Wangari Maathai. Ikapona. Leo ndipo Bunge la Mwananchi hukutana, watu wakibishana kwa zamu kuhusu bajeti na bei ya unga.

City Park kule Parklands haikuwa na bahati hiyo yote. Imemegwa kwa miaka, kipande baada ya kipande, hadi ilipotangazwa kuwa turathi ya taifa 2009. Ndani yake kuna kaburi la mpigania uhuru Pio Gama Pinto, na Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, alizikwa karibu naye.

Na kwa Uhuru Park msisahau 2019. Barabara ya juu kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, ilipangwa kwanza kula ukingo wa bustani upande wa Uhuru Highway. Wakazi na Green Belt Movement wakapiga kelele, na kabla mwaka haujaisha serikali ikasema ramani itabadilishwa. Nguzo leo zimesimama barabarani, bustani haikuguswa. Watu wengi wanaopita juu ya barabara ile hawajui kwamba kona wanayoikunja iliandikwa upya kwa sababu ya bustani.

Kivulini

Mkuu Fundi Ramani, mchango huu nitauunganisha kwenye andiko la juu. Linganisha tu 1989 na 2019. Mara ya kwanza ilibidi mwanamke mmoja aandike barua hadi London, atukanwe Bungeni, afukuzwe ofisini. Mara ya pili serikali ilirudi nyuma ndani ya wiki chache. Tofauti hiyo imejengwa na watu waliopigwa 1992.

Hesabu Kwanza

Naomba nitofautiane na wengi, kwa heshima. Ekari 32 katikati ya jiji kubwa kiasi kile ni mali. Watu wanaishi Mathare na Kibera kwenye vyumba vya futi kumi kwa kumi. Kwa nini ardhi ya thamani namna ile ibaki nyasi? Isingekuwa bora kujenga nyumba za bei nafuu, au hata nusu ikajengwa na nusu ikabaki?

Kivulini

Mkuu, swali ni la haki na nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu. Nitajibu kwa kirefu kidogo.

Kwanza, mtu wa chumba cha futi kumi kwa kumi ndiye mwenye haja kubwa zaidi na bustani. Mwenye nyumba Karen au Runda ana nyasi zake nyuma ya geti. Wa Mathare hana sebule, hana uwanja, mtoto wake anacheza pembeni ya mtaro. Bustani ya umma ndiyo ua wa nyumba yake. Ukiijengea kwa jina lake umemnyang'anya kitu pekee anachomiliki mjini sawa na tajiri.

Pili, ardhi ya katikati ya jiji haijawahi kujengewa maskini. Angalia mpango wa 1989 wenyewe: makao ya chama, ofisi, maduka, maegesho. Hakukuwa na chumba hata kimoja cha mtu wa Kibera. Na hiyo nusu kwa nusu unayoipendekeza ndiyo lugha iliyotumika wakati ule pia, kwamba jengo litachukua sehemu ndogo tu. City Park imeonyesha sehemu ndogo ndogo zikijumlishwa zinakuwa nini.

Tatu, kuna kazi ambayo nyasi zinafanya na hatuioni. Nairobi ikipata mvua kubwa, barabara zinageuka mito, kwa sababu tumeziba ardhi kwa saruji na lami na maji hayana pa kuzama. Kila ekari yenye udongo wazi na mizizi inanyonya maji ambayo yangeishia Haile Selassie na chini yake. Miti inapoza hewa kwenye bonde la moshi wa magari, na inakata kelele za barabara yenye msongamano kuliko nyingi nchini. Ukitaka kuyapata hayo kwa mitambo utalipa kila mwaka, na hayatakuwa mazuri hivyo.

Nne, na hili ndilo ninalolishikilia zaidi. Ibara ya 37 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Haki hiyo inahitaji ardhi. Huwezi kukusanyika kwenye maduka makubwa, mlinzi atakutoa. Akina mama wa 1992 wangekaa wapi kama ghorofa 60 zingekuwa zimesimama? Na tarehe 7 Julai 2024, vijana walipotaka kuwakumbuka wenzao waliouawa kwenye maandamano ya mswada wa fedha, walifanya tamasha lao Uhuru Park. Walikuwa na mahali pa kulia na kuimba pamoja, mbele ya Bunge, bila kumwomba mwenye jengo.

Hesabu Kwanza

Hoja ya mafuriko na hiyo ya nne nimezipokea. Ya nyumba bado naishikilia, ila labda iwe ardhi nyingine.

Kivulini

Ardhi nyingine tukae tuizungumzie, nitakuunga mkono. Kuna maegesho na mabohari ya zamani mjini yanayostahili mjadala huo.

Mwana wa Pangani Tanga

Nikija tena, mkuu, nianzie wapi? Nina saa mbili tu kabla ya basi.

Kivulini

Ndugu, saa mbili zinatosha. Ingia upande wa Freedom Corner, kwenye makutano ya Uhuru Highway na Kenyatta Avenue, ukaone kwanza mnara wa mashujaa wa Mau Mau. Ulizinduliwa 12 Septemba 2015 na uligharamiwa na serikali ya Uingereza. Ulitokana na makubaliano ya 2013, ambapo Uingereza ilikubali kuwalipa pauni milioni 19.9 wazee 5,228 waliofungua madai ya kuteswa wakati wa hali ya hatari.

Simama uutazame vizuri. Ni mwanamke anampa mpiganaji wa msituni chakula, na hawatazamani. Kila mmoja ameelekeza uso kwake. Ndivyo walivyofanya: aliyebeba chakula hakutakiwa kuijua sura ya anayekipokea, ili akikamatwa na kuteswa asiwe na wa kumtaja. Mwanamke huyo ni muhimu kuwekwa pale, kwa sababu hadithi nyingi za vita vile humtaja mwenye bunduki na kumsahau aliyebeba kikapu. Na amewekwa kwenye kona ambayo wanawake wengine waliitetea miaka 40 baada ya vita kuanza.

Kisha shuka ziwani, uzunguke taratibu, upande juu ya mteremko ukae dakika 20 ukitazama jiji. Ukimaliza, vuka kwenda Central Park uone mnara wa Nyayo, maana huwezi kuielewa 1989 bila kuuona ule mkono. Ukitoka hapo unatembea hadi kituo cha basi bila haraka. Kabla ya kuja uliza hali ya milango siku hiyo, kwa kuwa sherehe kubwa zinapoandaliwa baadhi ya sehemu hufungwa.

Mama Wawili

Na abebe maji yake ya kunywa.

Kivulini

Kweli dada. Abebe maji.

Wakuu, ombi langu kwa wenye albamu za nyumbani: picha zile za Krismasi kwenye boti, hasa za miaka ya 70 na 80, nyuma yake huwa zinaonekana miti na majengo ambayo baadhi hayapo tena. Zilete humu na mwaka wake kama unaujua, mkifunika nyuso za watoto. Nitazipanga kwa mfuatano, na Fundi Ramani nakuomba unisaidie kuonyesha kila moja ilipigwa kutoka upande gani wa ziwa.

Fundi Ramani

Niko tayari. Ninayo moja ya mzee wangu, nitaipakia leo usiku.